Kutembeleana ni Kauli ya Kutendana: Ziara za Vijana wa Kimataifa na Funzo la Majengo

Utangulizi

Kila inapofika tarehe 22 Februari, maskauti wa mataifa mbalimbali humkumbuka mwanzilishi wao, Robert Baden-Powell, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1857. Kwa wengi wao kumbukumbu hiyo ni ya uwanjani na darasani. Kwa mji wa Nyeri ni jambo la mlangoni, kwa sababu Baden-Powell alihamia huko mwaka 1938, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, na akazikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Mkewe, Olave, alipofariki Uingereza mwaka 1977, majivu yake yaliletwa yakazikwa hapo hapo. Tangu zamani vijana kutoka pembe nyingi za dunia wamekuwa wakifunga safari kulizuru kaburi hilo lenye alama ya duara na nukta katikati, alama ambayo katika lugha ya maskauti humaanisha kwamba aliyeiacha amekwisha kurejea nyumbani.

Ziara hizi, pamoja na nyingine nyingi zinazoandaliwa na makanisa, shule na mashirika, huelezwa kwa maneno yenye kupendeza: kukuza uvumilivu, kuelewa tamaduni za wengine, kujenga udugu wa vijana duniani. Hakuna mwenye akili timamu atakayeyapinga malengo hayo. Hata hivyo, swali linalostahili kuulizwa ni je, kijana anayefika Nyeri kwa wiki moja au mbili hukutana na nani, na huzungumza naye kwa lugha gani? Aghalabu ratiba huwa na kaburi, hoteli, mlima na wanyama. Mtaa wa Majengo, ulio katika mji uo huo, ni nadra kutajwa.

Makala haya yanashikilia kwamba kinachozaa maelewano si safari yenyewe bali lugha na kazi ya pamoja. Kwamba miji iliyouzunguka Mlima Kenya ina shule kongwe ya maelewano hayo katika mitaa yake ya Majengo. Na kwamba ziara itakayoipuuza shule hiyo itabaki kuwa utalii uliovikwa joho la udugu. Wenye uwezo wa kwanza wa kuirekebisha hali hii ni wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Neno Lenyewe Lasemaje?

Mwanafunzi wa sarufi anaweza kuanza na maneno yanayotumiwa. Uvumilivu ni neno jema, lakini asili yake haifai kusahaulika. Mtu huvumilia njaa, baridi, maumivu ya jino na deni lisilolipika. Kinachovumiliwa kwa kawaida ni dhiki. Kwa hiyo anayesema kwamba anamvumilia jirani yake wa dini nyingine, bila ya kujua amekwisha kumweka jirani huyo katika orodha moja na njaa na jino bovu. Hakuna anayetamani kuvumiliwa tu maisha yake yote.

Kiswahili, hata hivyo, hakikuishia hapo. Kiambishi -an- kinapoongezwa, maana hugeuka. Wanaovumiliana wamekiri, kila mmoja kwa upande wake, kwamba naye pia ni mzigo kwa mwenziwe. Wanaochukuliana wamepiga hatua zaidi, kwani kila mmoja amembeba mwenzake na udhaifu wake. Tofauti iliyopo baina ya kuelewa na kuelewana ni kubwa vivyo hivyo. Mtu anaweza kumwelewa mwenzake barabara na bado wasielewane. Jasusi humwelewa sana adui yake. Mkoloni naye alitunga kamusi, akaandika vitabu vya mila za Waafrika, akazielewa ndoa zao na matambiko yao, lakini hakuelewana nao.

Hali ni hiyo hiyo kwa kutembelea na kutembeleana. Haiwezekani kusema kwamba Juma anatembeleana pasi na kumtaja anayetembeleana naye, wala haiwezekani wawili hao watembeleane ilhali ni mmoja tu anayeondoka kwake. Hiki ndicho kipimo ambacho kila mpango wa vijana wa kimataifa ungestahili kupimwa nacho. Palipo na mtembeleaji wa kudumu na mtembelewa wa kudumu, kauli ya kutendana haipo. Iliyopo ni kutenda kwa mmoja na kutendwa kwa mwingine.

Kaburi Moja Linalojulikana, Jingine Lisilojulikana

Historia ya Uskauti wenyewe ina funzo ambalo aghalabu halisemwi. Kambi ya kwanza, iliyofanyika Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, haikuwakusanya vijana wa mataifa mbalimbali. Iliwakusanya wavulana wapatao 20 wa nchi moja: baadhi yao wakitoka katika shule za gharama kubwa, wengine wakiwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya karibu. Jambo lililojaribiwa pale lilikuwa kuwalaza watoto wa matajiri na wa makabwela katika mahema mamoja. Kwa maneno mengine, mpango huu uliokuja kuenea duniani ulianza kwa kuwakutanisha majirani.

Mwanzilishi huyo huyo alikuwa askari wa dola. Alishiriki katika msafara wa Waingereza dhidi ya Waasante mwaka 1895 na 1896, akapigana na Wandebele mwaka 1896, na akajipatia sifa kuu huko Mafeking katika vita vya Makaburu. Sheria ya nne ya maskauti ilitamka kwamba skauti ni rafiki wa wote na ndugu wa kila skauti mwingine. Lakini nchini Afrika Kusini, katika miaka ya 1920 na 1930, wavulana Waafrika walitengewa chama chao wenyewe. Nchini Kenya, ambako Uskauti ulifika mwaka 1910, shule ziligawanywa kwa rangi hadi uhuru ulipokaribia, na vikosi vya skauti vilivyotegemea shule hizo havikuweza kuukwepa mpaka huo. Sheria ilisema udugu. Mazingira yalisema utengano. Waliodai kwamba sheria hiyo ichukuliwe kwa uzito wake walikuwa Waafrika.

Siku nne kabla ya tarehe 22 Februari kuna tarehe nyingine ambayo Nyeri haiwezi kuisahau. Tarehe 18 Februari 1957, Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alinyongwa katika gereza la Kamiti. Alikuwa amekamatwa Oktoba 1956 na kuhukumiwa katika mji wa Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Alizikwa katika eneo la gereza, pasipo alama. Kaburi la Mwingereza aliyeipenda Nyeri katika uzee wake lina alama na wageni. La mwana wa Nyeri halina hata jiwe. Sanamu yake ilisimamishwa jijini Nairobi mwaka 2007, miaka 50 baada ya kifo chake, na chuo kikuu kilichopo Nyeri kina jina lake. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake juu ya mateso ya enzi ya hali ya hatari na kukubali malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228.

Kuyataja haya si kumnyima marehemu heshima, wala si kumfukuza mgeni mlangoni. Ni kusema tu kwamba kijana wa Uingereza na kijana wa Nyeri hawawezi kuelewana kwa kuinama pamoja mbele ya kaburi moja na kunyamaza juu ya jingine. Ziara inayochukua siku za tarehe 18 hadi 22 Februari kwa pamoja, ikawapa vijana hao habari zote mbili na nafasi ya kuulizana maswali, ingekuwa na uzito kuliko hotuba kumi za udugu. Mwenye kidonda hapozwi kwa kufunikwa shuka jipya.

Majengo: Shule Isiyo na Kibao

Mtaa wa Majengo haupo Nyeri tu. Upo Nanyuki na Meru, upo Nairobi katika eneo la Pumwani, upo Mombasa, na hata Moshi ng'ambo ya mpaka. Jina hili huelekea kufuatana na historia moja. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha miji ya bara, Nyeri ikiwa miongoni mwayo mwaka 1902, iliwagawa watu kwa rangi na kwa kabila. Mzungu alikuwa na sehemu yake, Mhindi sehemu yake, na Mwafrika alitarajiwa kubaki katika hifadhi ya kabila lake, aje mjini kwa kibarua na kurudi. Lakini palikuwa na watu wasioenea katika masanduku hayo: wapagazi na askari waliotoka pwani, Wanubi, wafanyabiashara, mafundi wa kushona, wapishi, na wenyeji wa mlimani waliosilimu au walioondoka migongoni mwa wazazi wao. Hao ndio waliojenga, na mahali walipojenga pakaitwa Majengo.

Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya mama. Lugha waliyokuwa nayo ni Kiswahili, na kwa kizazi cha pili na cha tatu ikawa ndiyo lugha ya mama. Hapana mkalimani aliyeajiriwa wala semina iliyoandaliwa. Palikuwa na kisima kimoja, ua mmoja, msikiti na soko. Katika nyumba ya vyumba vingi ambamo kila chumba kina mpangaji wa kabila lake, mtu hulazimika kujua ni lini jirani amefunga, ni lini amefiwa, na ni nyama ipi asiyokula. Ujuzi huo si elimu ndogo. Mkristo wa Majengo anayejua kwamba akialika watu wa nyumba nzima inampasa kumwita Mwislamu achinje, amekwisha kufuzu somo ambalo wengine husafiri kilomita maelfu kulitafuta.

Haifai, lakini, mtaa huu upambwe kupita kiasi. Maelewano yake hayakutokana na wema wa asili. Yalitokana na haja, na haja hiyo ilitokana na kutengwa. Majengo yamejua ufukara, msongamano, na wasiwasi wa kuishi mahali ambapo umiliki wa ardhi hauko wazi. Wapo wenyeji wa vijijini waliomtazama mtu wa Majengo kama aliyepotea, asiye na shamba wala ukoo. Wapo wasomi nao, na hapa lawama inaingia nyumbani, waliokitazama Kiswahili chake kama takataka. Ule utani kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikaugua Kenya, kikafa Uganda na kuzikwa Kongo bado hurudiwa katika kumbi za mihadhara na kuzua kicheko. Anayecheka na asahau basi kwamba lugha anayoizika ndiyo iliyomwezesha Mkikuyu, Mnubi, Mkamba na Msomali kukaa ua mmoja kwa miaka mia. Wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kuhubiri uvumilivu kwa wageni na papo hapo kushindwa kuivumilia lahaja ya jirani.

Mifano Mitatu ya Safari

Ili isidhaniwe kwamba safari za vijana hazina faida, ni vyema kuitazama mifano mitatu iliyoacha alama.

Mfano wa kwanza ni wa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940 na kusoma kwa miaka kadhaa katika misheni ya Mathari. Septemba 1960 alikuwa miongoni mwa vijana Wakenya wapatao 300 waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani katika mpango ulioasisiwa na Tom Mboya na wenzake. Alikaa miaka minne katika chuo cha masista mjini Atchison, Kansas, kisha akaendelea Pittsburgh, na akarejea Kenya mwaka 1966. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kilichomjenga hakikuwa kuiona Marekani. Kilikuwa ni kuishi humo kwa miaka, kusoma pamoja na wenyeji na kuijua lugha yao. Lakini safari hiyo ilikuwa ya upande mmoja: hakuna vijana 300 wa Kansas walioletwa Nyeri kusomeshwa na Wanyeri.

Mfano wa pili ni wa kinyume chake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, Marekani ilileta nchini Kenya vijana wa kujitolea wa shirika la Peace Corps, utaratibu uliodumu hadi ulipositishwa mwaka 2014 kwa sababu za usalama. Kabla ya kupelekwa vituoni vijana hao walifunzwa Kiswahili kwa majuma kadhaa, kisha wakafanya kazi kwa miaka miwili katika shule na vijiji. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya siasa zilizowatuma, lakini jambo moja halikanushiki: waliokuja kwa njia hiyo waliwekwa kwanza katika nafasi ya mwanafunzi. Mwenyeji, hata asiyejua kusoma, alikuwa na kitu cha kumsahihisha mgeni wake.

Mfano wa tatu ni wa mpango wa Global Xchange, ulioendeshwa katika miaka ya 2000 na shirika la VSO kwa ushirikiano na British Council, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi zilizoshiriki. Idadi sawa ya vijana ilichukuliwa kutoka Uingereza na kutoka nchi shiriki. Waliishi wawili wawili, mmoja wa kila nchi, katika nyumba za wenyeji, wakafanya kazi ya jamii kwa miezi mitatu Uingereza na miezi mitatu katika nchi ya pili. Huu ulikaribia kauli ya kutendana kwa maana yake kamili, kwa kuwa kila mmoja alipata kuwa mgeni na kila mmoja alipata kuwa mwenyeji.

Mifano hii mitatu inafunza kwamba mambo manne ndiyo yanayotofautisha kutembeleana na utalii: muda, kazi, usawa wa idadi, na lugha. Ziara ya wiki mbili haiwezi kuwa na muda. Inaweza, hata hivyo, kuwa na hayo matatu mengine iwapo waandalizi watataka.

Pingamizi Mbili

Huenda mtu akauliza: kwa nini Kiswahili, ilhali kijana wa Nyeri na mgeni wake wote wanakijua Kiingereza? Pingamizi hili lina nguvu kwa juu juu tu. Kiingereza huwakutanisha wageni na wenyeji waliosoma, tena waliosoma vya kutosha kujiamini. Mwendeshaji bodaboda, mwuza mitumba, mama anayekaanga mahamri alfajiri na nyanya aliyeiona hali ya hatari kwa macho yake huachwa nje ya mazungumzo, au hugeuzwa vitu vya kupigwa picha. Zaidi ya hayo, Kiingereza humweka mgeni katika kiti cha mwalimu hata asipokusudia. Mwenyeji hujichunga asikosee, mgeni hajichungi. Kiswahili hukigeuza kiti hicho. Mgeni anaposema neno vibaya na mtoto wa miaka sita wa Majengo akamrekebisha, usawa umeanza kuonekana pasipo hotuba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Nyeri ni nchi ya Wakikuyu, basi kwa nini mgeni asifunzwe Kikuyu? Naam, afunzwe maamkizi yake, na majina ya milima na mito. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010, inayokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, inaitaka serikali pia ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za Wakenya. Wala isisahaulike kwamba Wangari Maathai mwenyewe alieleza katika kumbukumbu zake jinsi wanafunzi wa wakati wake walivyoaibishwa kwa kusema lugha ya mama shuleni. Kiswahili hakina haki ya kurithi kiboko hicho. Lakini kina sifa moja ambayo lugha ya mlima wote haina: katika Kiswahili, Mkikuyu naye hutoka nje ya boma lake hatua kadhaa kumlaki mwenzake. Mgeni na mwenyeji hukutana njiani, na njiani hakuna mwenye nyumba.

Jirani Kwanza

Kuna ukweli mwingine unaouma. Kenya haikumwaga damu kwa sababu vijana wake hawakuwaelewa Waingereza au Wamarekani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao, na wengi wa waliotumiwa kushika panga walikuwa vijana. Waliouana walikuwa Wakenya kwa Wakenya, wengi wao wakiwa wamesoma Kiswahili kama somo la lazima tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985. Kujua lugha peke yake, basi, hakukutosha. Lugha inahitaji mahali pa kutumika.

Na mahali hapo paliminywa na sera. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilileta utaratibu uliozitaka shule nyingi za sekondari kuchukua asilimia 85 ya wanafunzi wao kutoka eneo la shule. Ukiziondoa shule chache za kitaifa, kijana wa Nyeri aliweza kuanza na kumaliza masomo bila ya kulala chumba kimoja na Mluo, Mtaita au Mborana. Wengi walikutana na wenzao wa kabila jingine kwa mara ya kwanza chuoni, wakiwa wamekwisha kujazwa hadithi juu yao. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hakuna ziara ya kutoka Ulaya itakayomponya kijana asiyejua jina la Mwislamu anayeishi kilomita moja kutoka shuleni kwake.

Kwa sababu hiyo, mpango wowote wa kimataifa unaofika Nyeri ungepaswa kuwa na tawi la nyumbani. Kwa kila kundi la wageni linalopokewa, vijana kadhaa wa mlimani, wakiwemo wa Majengo, wapewe nafasi ya kwenda kuishi Lamu, Kisumu, Garissa au Zanzibar. Si kila mtu atapata viza ya Ulaya, na vikwazo vya viza ndivyo vinavyomfanya kijana wa Majengo kuwa mwenyeji wa daima. Lakini tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho tu. Nauli ya basi hadi Kampala ni sehemu ndogo sana ya nauli ya ndege moja kutoka London.

Wajibu wa Wanafunzi wa Kiswahili

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uzoefu ambao mashirika mengi ya vijana hayana. Kongamano la CHAWAKAMA limekuwa likiwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa lugha moja, bila ya mkalimani. Kilichobaki ni uzoefu huo kutoka nje ya ukumbi.

Kwanza, vyama hivi viandae mafunzo mafupi ya Kiswahili kwa vijana wa kigeni wanaofika, hata yakiwa ya siku tano, kabla ya mlima na wanyama. Mafunzo hayo yafanyike katika nyumba na vibanda vya Majengo, na wenyeji walipwe kama walimu. Hoteli hulipwa, hakuna sababu ya nyanya kufundisha bure.

Pili, vikusanye historia ya mitaa ya Majengo kutoka vinywani mwa wazee wake wangali hai. Vyuo vikuu viwili vya umma vya kaunti ya Nyeri, Dedan Kimathi na Karatina, viko karibu na mitaa hiyo kuliko maktaba yoyote ya ng'ambo. Msamiati wa nyumbani, majina ya watu na namna za kuamkiana za mitaa hii ni hazina ya isimujamii ambayo haijachimbwa ipasavyo.

Tatu, makongamano yenyewe yajaribu kuwalaza wajumbe katika nyumba za wakazi wa mji, angalau usiku mmoja, badala ya kuwafungia mabwenini kusomeana makala. Mtu hujifunza mengi juu ya Kiswahili cha wenzake jikoni kuliko jukwaani.

Nne, tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, isiishie katika maandamano na fulana. Siku hiyo ingefaa kuwa siku ya kutembeleana kwa mitaa: shule za vijijini zije Majengo, na Majengo yaende vijijini.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii mara nyingi husemwa kwa utani wa kumfukuza mgeni, lakini ina heshima ndani yake. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Ataliwa jasho lake na atakula jasho la wenzake. Vijana wengi wanaofika Nyeri kutafuta udugu huondoka siku ya pili, kabla ya jembe kutolewa, na si makosa yao, kwani hakuna aliyewaonyesha lilipo. Jembe hilo ni lugha, na wanaolishika mpini ni wanafunzi wa Kiswahili. Wakiendelea kuliegemeza ukutani na kujadiliana juu ya umbo lake, mataifa yataendelea kuja na kuondoka, kaburi litaendelea kupigwa picha, na Majengo yataendelea kufundisha darasa lisilo na wanafunzi.